Mzaha kuhusu Wayahudi: mambo ya kukagua kabla ya kupanda jukwaani

Katika misiba yetu, mtani anaweza kuingia kaburini akagoma kutoka mpaka apewe chochote. Anaweza kumwigiza marehemu alivyotembea na alivyokopa, na wafiwa wakacheka kabla machozi hayajakauka. Mtani huyohuyo ndiye anayetarajiwa kushika jembe, kuchota maji na kusimamia chakula, na msiba ukihamia kwake zamu inageuka. Haki ya kutania hulipiwa kwa kazi, na inakwenda pande zote mbili. Mchekeshaji wa Dodoma hahitaji kufundishwa hilo.

Kwa Wayahudi hatuna utani wa namna hiyo. Watazamaji wengi wa hapa hawajawahi kukaa meza moja na Myahudi. Jamii zilizo karibu nasi ni chache: Nairobi kuna sinagogi tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na karibu na Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, Waafrika walioifuata dini hiyo tangu 1919 chini ya Semei Kakungulu. Hata hivyo jina "Myahudi" liko midomoni mwetu kila siku: kanisani, msikitini, kwenye semina za ujasiriamali, kwenye tamthilia za shule, na sasa kwenye komedi ya jukwaani. Tangu 7 Oktoba 2023, Hamas iliposhambulia Israeli na kuua watu wapatao 1,200, wakiwemo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda huko kwa mafunzo ya kilimo, na vita vya Gaza vilivyofuata vikaua makumi ya maelfu ya Wapalestina, kila kijiwe kina neno la kusema. Mchekeshaji hutaka kusema lake pia. Ninachoandika hapa ni cha kumsaidia aseme kwa ufundi, na asiwe kipaza sauti cha uongo wa miaka mia nane.

Shina la jambo ni hili: mzaha wa chuki huchukua matokeo na kutupa chanzo. Mzaha bora wa Wayahudi wenyewe hukirudisha chanzo ndani ya kicheko.

Mfano wa karibu ni ule mzaha wa Mgogo na kuomba, unaochekesha nchi nzima. Kinachoachwa ni kwamba Ugogo una msimu mmoja wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, na jumla ya mwaka ni milimita 500 hadi 600, mara nyingine pungufu. Kinachoachwa zaidi ni Mtunya, njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920. Jeshi la Wajerumani lilichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza walipoingia 1916 wakafanya vilevile. Kisha mvua zikagoma. Watu walitoka kwenda kuhemea kwa sababu ghala zilikuwa zimekombwa. Ukisema "Wagogo huomba" bila hayo, umewapa watu hukumu huku faili la kesi umelificha.

Mkopeshaji wa Kiyahudi ana historia ya aina hiyo. Katika sehemu kubwa ya Ulaya ya zama za kati Wayahudi walizuiwa kumiliki ardhi na kuingia katika vyama vya mafundi. Kanisa lilikataza Wakristo kutoza riba, likarudia katazo hilo kwa ukali katika mtaguso wa 1179, na mwaka 1215 likaagiza Wayahudi wavae mavazi ya kuwatambulisha. Wafalme walihitaji mikopo, basi kazi iliyokatazwa wengine wakasukumiwa wao, kisha wakachukiwa kwa kuifanya. Na bado wengi wao walikuwa maskini. Huko Ulaya ya Mashariki karne ya 19 walikuwa washona nguo, wachukuzi, wauza samaki. Mhusika maarufu kuliko wote wa Sholem Aleichem, mwandishi wa lugha ya Kiyidishi aliyeishi 1859 hadi 1916, ni muuza maziwa mwenye farasi mchovu na mabinti wasio na mahari.

Sasa ufundi wenyewe. Wayahudi wamerithi vichekesho kutoka chemchemi kadhaa, na msomaji wa Biblia anazijua mbili bila kujua kwamba anazijua. Ya kwanza ni kubishana na Mungu. Katika Mwanzo 18 Ibrahimu anapatana na Mungu kuhusu Sodoma: wenye haki 50, halafu 45, 40, 30, 20, mpaka 10. Mdundo ule wa kushusha hatua kwa hatua, kwa adabu iliyozidi, bado ndio mfumo wa vichekesho vingi vya marabi. Ya pili ni Esta. Kitabu hicho husomwa sinagogini sikukuu ya Purimu, na kila jina la Hamani likitajwa watu hupiga kelele kulifuta. Watoto huvaa mavazi ya kuigiza na michezo ya kuchekesha huchezwa. Waliopangiwa kuuawa wote wanamcheka aliyepanga, kila mwaka. Ongeza mtumbuizaji wa harusi aliyeitwa badkheni, aliyemliza bibi harusi kwa mashairi kisha akawachekesha wageni. Ongeza pia hadithi za mji wa Chelm, ambako wajinga hufuata mantiki kwa uaminifu mpaka inawatumbukiza shimoni: waliona mwezi ndani ya pipa la maji, wakafunika pipa ili wawe nao usiku wa giza.

Kati ya 1881, mauaji ya Wayahudi yalipozagaa Urusi, na 1924, Marekani ilipofunga milango, Wayahudi wapatao milioni 2 walihamia Marekani. Hoteli nyingi za mapumziko huko zilikataa kuwapokea. Wakajenga zao katika milima ya Catskills, kaskazini mwa jiji la New York, na kila hoteli iliajiri mtu wa kuwachangamsha wageni kutwa: bwawani, mezani, jukwaani usiku. Watazamaji walikuwa walewale wiki nzima, kwa hiyo mzaha uliorudiwa ulizomewa. Mel Brooks na wenzake wengi walinolewa huko. Ubaguzi ulijenga hoteli, na hoteli zikazaa wachekeshaji: chanzo na matokeo, kama kawaida.

Mzaha mmoja wa zamani, usio na mwenyewe, unaonyesha ufundi huo kuliko maelezo yote. Ni Berlin, miaka ya 1930. Wayahudi wawili wamekaa kwenye benchi. Mmoja anasoma gazeti la Kiyahudi, mwingine anasoma Der Stürmer. Wa kwanza anashtuka: "Umerukwa na akili? Unasoma takataka ya Wanazi?" Mwenzake anajibu: "Nikisoma gazeti lako naona maduka yetu yamevunjwa, watoto wetu wamefukuzwa shule, watu wetu wanakimbia nchi. Hapa nasoma kwamba benki zote ni zetu na dunia tunaiendesha sisi. Angalau hapa habari ni njema."

Angalia ulivyojengwa. Hali halisi inatajwa kwanza, kwa mambo matatu ya kushikika. Uongo wa adui unafuata, mambo mawili tu. Kisha maneno machache ya kufunga. Uongo unachekesha kwa sababu umewekwa ubavuni mwa ukweli, na msikilizaji analinganisha mwenyewe. Kicheko hakimwangukii Myahudi. Kinamwangukia aliyeandika gazeti.

Sasa uchukue mzaha huohuo uusimulie katika ukumbi wa Dodoma bila maandalizi. Watazamaji hawajui Der Stürmer ni nini. Hawajui kwamba mchapishaji wake, Julius Streicher, alinyongwa Nuremberg mwaka 1946 kwa uchochezi wake. Wanachosikia ni "benki zote ni zetu, dunia tunaiendesha sisi", na baadhi watacheka kwa kukubali. Maneno ni yaleyale, kazi imegeuka kinyume. Hitilafu hii ndiyo ninayoiona hatari kuliko zote, na dawa yake ni ya kifundi: sentensi moja kabla ya mzaha kusema gazeti lilikuwa la nani, na jambo la tatu katika orodha ya mateso liwe zito kuliko yote ili lisikike hata nyuma ya ukumbi. Ukishindwa kupata sentensi hiyo, uache mzaha wenyewe.

Wayahudi wenyewe hawakubaliani mpaka uwe wapi, na mabishano yao yanafundisha. Mel Brooks, aliyezaliwa 1926 na kutegua mabomu ya kutegwa ardhini akiwa askari wa Marekani, katika filamu moja alimgeuza Hitler kuwa kichekesho cha jukwaani na akapata Oscar kwa uandishi wa filamu hiyo. Lakini amesema wazi kwamba kambi za mauaji zenyewe hazigusi. Charlie Chaplin, ambaye hakuwa Myahudi, alimcheka Hitler kwenye filamu mwaka 1940 akicheza kinyozi wa Kiyahudi. Katika kitabu cha maisha yake alichotoa 1964 alisema angejua yaliyokuwa yakitendeka kambini, asingeweza kuitengeneza. Naye Sacha Baron Cohen, Myahudi wa Uingereza, mwaka 2004 aliingia baa moja huko Tucson, Arizona, akiwa amevaa uhusika wa mwandishi wa habari wa Kazakhstan, akaimba wimbo wa kutaka Wayahudi watupwe kisimani. Wateja wakaitikia na kupiga makofi. Alichotaka kuonyesha ni urahisi wa watu kufuata chuki ikija na muziki. Shirika la Kiyahudi la Anti-Defamation League likamwandikia kwamba watazamaji wengine wataufurahia wimbo na kuliacha somo. Mimi nasimama zaidi upande wa wasiwasi huo, kwa sababu ya simu: kinachosambaa ni wimbo, maelezo hayasambai.

Hapa inabidi kusema kinachoitofautisha chuki dhidi ya Wayahudi na dharau nyingine nyingi. Dharau ya kawaida humwambia mtu yuko chini: mshamba, mjinga, mvivu. Hii humwambia yuko juu: tajiri, mjanja, anaendesha serikali kwa siri. Ndiyo maana kanuni inayofundishwa sana, kwamba mcheke mwenye nguvu na umwache mnyonge, haitoshi peke yake hapa. Anayerudia uongo huu hujiona shujaa anayepiga wakubwa. Kitabu cha uongo kilichotolewa Urusi mwaka 1903, kikidai kuwa ni kumbukumbu za vikao vya wazee wa Kiyahudi wanaopanga kuitawala dunia, kilithibitishwa kuwa cha kughushi na gazeti la The Times la London mwaka 1921, na bado madai yake yanazunguka kwenye makundi ya WhatsApp mpaka leo.

Dieudonné, mchekeshaji wa Ufaransa ambaye baba yake ni Mkameruni, ni somo kwa mchekeshaji wa Kiafrika. Alianza vizuri miaka ya 1990, akipanda jukwaani na Myahudi, Élie Semoun, wakicheka ubaguzi pamoja. Huo ulikuwa utani kwa maana yetu: wawili, zamu kwa zamu. Walipoachana, kidogo kidogo vichekesho vyake vikabaki na shabaha moja. Desemba 2008 alimwalika jukwaani Robert Faurisson, mtu aliyekana mauaji ya Wayahudi wapatao milioni 6 chini ya Wanazi, akamkabidhi tuzo kupitia mtu aliyevaa nguo za mistari za mfungwa wa kambi. Mahakama ilimtoza faini ya euro 10,000. Mwaka 2015 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikakataa rufaa yake, ikiona kwamba onyesho lile lilikuwa limefanana na mkutano wa siasa kuliko burudani. Alikuwa na malalamiko ya kweli kuhusu jinsi Ufaransa inavyoukumbuka utumwa. Akayapeleka kwa mtu asiyehusika.

Dodoma hatari kubwa huenda isiwe tusi, ni sifa. Wahamasishaji wanauza semina za "siri za utajiri za Wayahudi", na wahubiri wanasema wana akili ya fedha kwa kuzaliwa. Watu hupiga makofi, na msemaji anaamini ameheshimu taifa la Biblia. Lakini sifa hiyo ni shtaka lilelile la zamani limevaa suti. Anayeamini leo kwamba wote wana fedha kwa asili, siku uchumi ukiharibika ataamini kwamba wamezichukua. Mchekeshaji anayeikamata sifa hiyo na kuivua suti hadharani, kwa mfano kwa kumwigiza mwenye semina anayeuza siri ya utajiri kwa kiingilio huku siri yenyewe ikiwa kiingilio, atakuwa amefanya kazi nzuri: shabaha ni muuzaji, na yuko hapahapa mjini.

Kuhusu Israeli na Palestina, wengi huuliza kama kukosoa serikali ya Israeli ni chuki. Kuna matamko mawili yanayoshindana kuhusu nini ni chuki dhidi ya Wayahudi. La kwanza ni la muungano wa kimataifa wa kumbukumbu za Maangamizi ya Wayahudi, la Mei 2016, lenye mifano 11, saba ikihusu Israeli; wakosoaji wanasema hutumika kuziba midomo. La pili ni Tamko la Yerusalemu la 2021, lenye miongozo 15, lililoandikwa na wasomi waliotaka nafasi pana zaidi ya kukosoa. Kwa kazi ya jukwaani tosheka na wanapokubaliana: kuwabebesha Wayahudi wote duniani matendo ya dola ya Israeli ni chuki. Kwa hiyo taja mhusika. Sema "serikali ya Israeli", sema "waziri fulani", sema uamuzi upi na wa lini. Ukisema "Wayahudi wanaua watoto", umeacha habari za vita na kurudi kwenye uzushi kwamba Wayahudi huua watoto wa Kikristo kwa ibada, uliozuka Norwich, Uingereza, karne ya 12, baada ya mtoto kuuawa mwaka 1144. Na huzuni ya mtazamaji anayewalilia watu wa Gaza ni ya kweli. Haihitaji uzushi huo ili iwe na uzito.

Ukaguzi wenyewe, basi. Dakika 5 za jukwaani ni kama maneno 600 hadi 700, na inafaa yaandikwe yote, hata kama hutayasoma. Chukua kalamu mbili. Kwa moja pigia mstari kila mahali neno "Myahudi" linapotokea, kwa nyingine kila mahali watu wanapotarajiwa kucheka. Mistari hiyo miwili ikikutana, hapo ndipo pa kukagua. Jiulize kicheko kinamwangukia nani. Kisha tazama kama umebeba mojawapo ya mizigo minne ya zamani: fedha, damu, njama za siri, na kosa la kumuua Yesu. Huo wa mwisho Kanisa Katoliki liliukataa rasmi mwaka 1965 likisema Wayahudi wote, wa wakati ule na wa leo, hawawezi kubebeshwa kifo hicho, lakini kila Pasaka unasikika tena katika maigizo.

Wengine hushauri uweke "Mgogo" au "Mchaga" mahali pa "Myahudi" uone kama unaona haya. Jaribio hilo linakamata matusi ya wazi. Halikamati sifa wala njama, kwa sababu hakuna anayesema Wagogo wanaendesha dunia. Lifanye, lakini lisiwe la mwisho.

Halafu kata klipu. Rekodi zoezi kwa simu, chagua sekunde 20 zenye kicheko kikubwa, mpe mtu ambaye hakuwepo. Akielewa kinyume, maandalizi yako yako mbali mno na kicheko. Sogeza kidokezo kiwe ndani ya sentensi ileile inayochekesha. Usitegemee uso au sauti. Vikipita kwenye spika mbovu havibaki.

Shule zinazoigiza Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969, zina kazi ya ziada. Shakespeare alimwandika Shylock, mkopeshaji wa Kiyahudi wa igizo hilo, mwishoni mwa miaka ya 1590, wakati Wayahudi walikuwa wamefukuzwa Uingereza tangu 1290 na hawakuruhusiwa kurudi mpaka 1656. Alimjenga mhusika kwa kusikia zaidi ya kuona, hali ileile ya mwanafunzi wa Dodoma. Kosa la kwanza ni mgongo uliopinda, pua ya karatasi na sauti ya kukwaruza: watazamaji hucheka tangu anapoingia, na mtu huyo anapouliza kama Myahudi hana macho, wanaendelea kucheka, na hotuba inapotea. Mpe mwigizaji sauti yake ya kawaida na koti la heshima. Kosa la pili ni kukata mistari inayosema kwamba Antonio, mfanyabiashara anayekuja kukopa, alimtemea mate na kumwita mbwa. Mara nyingi hukatwa kufupisha muda. Bila hiyo, mkopo wa dukati 3,000 kwa miezi mitatu, dhamana yake ikiwa ratili ya nyama ya mwili wa Antonio, ni ukatili uliotoka hewani. Waelezeni wanafunzi kabla ya zoezi la kwanza kwamba Venisi halisi, tangu 1516, iliwafungia Wayahudi mtaani mwao usiku na kuwaachia kazi chache, mojawapo kukopesha kwa rehani. Dakika 10 za maelezo hayo zinabadilisha igizo kuliko mavazi yote.

Na ikiwa umeshakosea, klipu ikiwa imesambaa: ishushe kwenye kurasa zako siku hiyohiyo, usiikate upya ili ionekane nzuri. Andika kwa maneno machache mstari upi ulikuwa wa uongo na ukweli wake ni upi. Usiseme "kama kuna aliyekwazika", maana hapo unamlaumu aliyesikia. Usiongeze mzaha juu ya radhi. Onyesho linalofuata mstari huo usiwemo, hata mwandaaji akikuambia ndio uliojaza ukumbi.